Kisu cha Mfukoni: Chukua Kidogo, Chembamba, Unachoweza Kukinoa Mwenyewe

Anayetafuta kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku huangalia kwanza mambo matatu: ukubwa wa ubapa, ugumu wa chuma, na kama kina loki ya kukizuia kisijikunje. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini nayaona yamepewa uzito kupita kiasi, na yamewafanya watu wengi wanunue visu vizito ambavyo baada ya mwezi hulala kwenye droo vikiwa butu. Kisu kinachofaa mfukoni ni kidogo, ubapa wake ni mwembamba, chuma chake ni cha kawaida, na mwenyewe anaweza kukinoa nyumbani bila kumtafuta fundi. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayozibeba nyingine zote. Najua wapo wanaoona kisu cha namna hiyo ni dhaifu, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtu anayetembea na kisu mjini au kijijini hukitumia kukata kamba ya katani iliyofunga mzigo, kupasua selotepu ya katoni, kufungua mdomo wa kiroba cha mchele, kumenya chungwa, kukata embe, kuchuna waya uliokwisha kukatiwa umeme, kusawazisha ncha ya mpira wa maji, kuchonga penseli ya mtoto, kukata uzi uliochomoza kwenye shati. Ukiipitia orodha hiyo polepole utaona kwamba karibu kila kazi inafanywa na sentimita mbili au tatu za makali. Embe kubwa ndilo linalodai zaidi, na hata hilo linamalizwa na ubapa wa sentimita 6 au 7. Kisu cha sentimita 10 hakiongezi chochote katika kazi hizi. Kinachoongezeka ni uzito mfukoni na macho ya watu pale unapokikunjua ndani ya daladala.

Wembamba ndio unaosahaulika zaidi, pengine kwa sababu dukani kisu kinene hujaza kiganja na kuonekana cha maana. Lakini kukata ni mambo mawili: makali yanayoanza njia, na unene ulio nyuma ya makali unaolazimika kupita katika njia hiyo. Chukua muhogo mbichi. Kisu chenye mgongo wa milimita 4 kikiingia, makali hupita nusu sentimita ya kwanza, kisha unene unageuka kabari, na muhogo unapasuka kwa kishindo upande usioutaka. Kisu cha milimita 2 hupita moja kwa moja mpaka chini kikiacha uso laini. Tofauti hiyo haitokani na chuma wala bei. Inatokana na umbo. Visu vinene vimetengenezwa hivyo ili vistahimili kubandulia vitu, yaani kutumiwa kama mtaimbo wa kufungulia makreti na madirisha. Hiyo si kazi ya kisu, na anayenunua kisu kwa ajili yake atakilipia kila mara anapotaka kukata kitu cha kawaida.

Historia ya visu hivi inaunga mkono wembamba. Joseph Opinel alipoanza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, aliwatengenezea watu wa milimani, wakulima na wafugaji waliokata jibini, mkate na matawi ya mizabibu kwa kisu kilekile. Namba 8 ya Opinel, ambayo ndiyo maarufu zaidi mpaka leo, ina ubapa wa sentimita 8.5, unene wake haufiki milimita 2, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba mwenye nacho husahau kama yuko nacho. Mwaka uliofuata, 1891, Karl Elsener wa Ibach katika jimbo la Schwyz aliikabidhi Uswisi visu vya kwanza vya askari kutoka karakana yake. Kila kisu kilikuwa na ubapa mmoja, kifungua kopo, bisibisi na msharasi. Bisibisi ilihitajika kwa sababu jeshi lilikuwa limepata bunduki mpya iliyofunguliwa kwa skrubu, na kifungua kopo kwa sababu askari walianza kula chakula cha makopo. Jeshi, ambalo silaha ndiyo kazi yake, lilipoagiza kisu cha mfukoni liliagiza zana ya kazi ndogondogo. Hilo ni jambo la kuzingatia kabla ya kuvutiwa na kisu kilichopakwa rangi nyeusi na kuchorwa fuvu la kichwa.

Sasa chuma. Chuma cha kisu ni madini ya chuma yaliyochanganywa na kaboni ili yaweze kuwa magumu yanapopashwa moto na kuzimwa. Kikiongezwa kromiamu ya kutosha, kwa kawaida asilimia 13 au zaidi kidogo katika visu, kinapata uwezo wa kupinga kutu. Viwanda vya siku hizi huongeza pia vanadiamu, ambayo ikiungana na kaboni hutengeneza chembe ngumu ajabu ndani ya chuma, na chembe hizo hufanya makali yachelewe kulika. Hapa ndipo wauzaji wanapopandisha bei, na hawasemi uongo: chuma chenye asilimia 4 ya vanadiamu kweli hukata katoni nyingi zaidi kabla ya kuwa butu. Wasichokitaja ni kwamba chembe zile ni ngumu kuliko mchanga wa vinoo vya kawaida vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kinoo hicho hukwangua chuma kilicho pembeni mwa chembe lakini chembe zenyewe hakizikati sawasawa. Unahitaji kinoo cha almasi, na unahitaji subira. Mtu asiye nacho anabaki na kisu cha ghali ambacho kilikuwa kikali kwa miezi mitatu, kisha kikawa butu milele.

Chuma cha kawaida kisichoshika kutu, kile kinachotumika kwenye visu vya Uswisi, huwa na ugumu wa takriban 55 au 56 kwa kipimo cha Rockwell, ilhali visu vya kifahari hupita 60. Chuma hiki laini kidogo kikigonga kitu kigumu, makali hujikunja badala ya kumeguka, na makali yaliyojikunja hurudishwa kwa dakika chache. Zaidi ya hapo, aina ya chuma si jambo kuu katika kudumu kwa makali. Larrin Thomas, mtaalamu wa chuma wa Marekani aliyeandika kitabu cha Knife Engineering mwaka 2020, ameonyesha kwa vipimo vya mashine ya kukatia kadi kwamba pembe ya makali ina athari kubwa mno: kisu cha chuma cha wastani kilichonolewa kwa pembe ndogo kinaweza kukishinda kisu cha chuma bora kilichonolewa kwa pembe pana. Pembe unaitengeneza mwenyewe kwa mkono wako, na haikugharimu ila muda.

Kwa hiyo kunoa ndiko kiini cha jambo hili, na kunahitaji maelezo marefu kidogo kuliko mengine. Tafuta kinoo chenye nyuso mbili, upande mmoja wa mchanga mkubwa na mwingine laini. Kilowanishe kwa maji, kiweke juu ya kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze. Pembe inayofaa kisu cha mfukoni ni kati ya nyuzi 15 na 20 kila upande, na wengi hukata tamaa hapa kwa sababu hawajui nyuzi 15 zinaonekanaje. Pima upana wa ubapa kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Kama ni milimita 15, ambao ndio upana wa visu vingi vidogo, basi mgongo ukiinuka milimita 4 kutoka kwenye kinoo umepata nyuzi 15 na kidogo. Ukiinuka milimita 5, umekaribia 20. Milimita 4 ni takriban unene wa sarafu mbili zilizopandana. Ziweke pembeni mwa kinoo uzitazame, kisha sukuma kisu kama unayetaka kukwangua tabaka jembamba la juu ya kinoo, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha, bila kukandamiza.

Endelea upande mmoja mpaka utakapohisi, ukipitisha kidole kwa upole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali na si kando yake, kwamba upande wa pili umetokeza ukingo mwembamba wa chuma unaokwaruza. Ukingo huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Watu wengi huacha kabla ya kuupata, ndiyo maana hunoa nusu saa na kisu kikabaki vilevile. Ukishaupata urefu wote wa ubapa, geuza na ufanye vivyo hivyo upande wa pili, kisha hamia kwenye uso laini na upitishe mara moja moja kwa zamu huku ukipunguza nguvu, mpaka ukingo ule utoweke. Jaribu kwa gazeti: kisu kilichokaa vizuri hukata ukurasa ulioshikwa kwa mkono mmoja bila kuuchana. Baada ya hapo, kwa wiki nyingi hutahitaji kinoo. Pindua kikombe cha kauri, utaona pete isiyopakwa ung'avu chini yake. Pitisha kisu hapo mara tano au sita kila upande na makali yatarudi.

Wanoaji wa mtaani wenye jiwe linalozungushwa kwa baiskeli wanafanya kazi ya maana kwa mapanga, mikasi na visu vya buchani, na siandiki hapa kuwaondolea riziki. Ila ubapa mwembamba wa kisu cha mfukoni hauvumilii jiwe linalozunguka kwa kasi. Cheche zinazoruka zinaonyesha joto, na makali membamba hayana mahali pa kulipeleka joto hilo. Chuma cha kawaida cha kisu kikibadilika rangi na kuwa buluu kimepita nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na sehemu hiyo imepoteza ugumu wake. Itanoleka, na itakuwa butu siku ileile. Tena jiwe lile hula chuma kingi kwa mpito mmoja kuliko mwaka mzima wa kinoo cha mkono.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kisu ninachokitetea ni ya usalama wa vidole: kisu kisicho na loki kinaweza kujikunja. Ni kweli kinaweza, na anayesema hivyo hatishi watu bure. Kisu cha namna hii hushikiliwa na springi iliyoko mgongoni mwa mpini, inayobana kitako cha ubapa ili usimame wazi. Hakuna kinachouzuia ubapa kurudi isipokuwa nguvu ya springi hiyo. Lakini angalia nguvu ya kukata inaelekea wapi. Unapokata kamba au embe, unasukuma makali dhidi ya kitu, na kitu kinasukuma ubapa uzidi kufunguka. Kisu hujikunja pale tu mtu anapochoma kwa ncha, anapotoboa huku akizungusha mkono, anapogonga mgongo wa kisu, au anapochomoa kisu kilichonasa huku akikipindisha. Kwa kutoboa kuna msharasi. Na loki nayo hulegea, huingia mchanga, hulika mahali inapokutana na ubapa. Mwenye kuitegemea huwa ameweka vidole vyake njiani kwa imani kwamba haitashindwa. Mwenye kisu kisicho na loki hujifunza tangu siku ya kwanza kuviondoa.

Hata hivyo wako wanaohitaji loki kweli. Mvuvi anayekata kamba nene ya nailoni chomboni, mikono ikiwa imelowa na chombo kikiyumba, anahitaji ubapa usiotikisika, tena wenye meno. Vivyo hivyo anayechinja na kuchuna, au fundi anayevaa glavu siku nzima. Jeshi la Uswisi lenyewe, baada ya zaidi ya miaka mia moja ya visu vya springi, lilichagua mwaka 2008 kisu kikubwa chenye loki kinachofunguliwa kwa mkono mmoja. Askari ana sababu zake. Karani, mwalimu, dereva na muuza duka hawana sababu hizo, na ushauri huu ni wao. Anayetaka kitu cha katikati atazame pete ya kuzungusha ambayo Opinel iliiongeza kwenye visu vyake mwaka 1955: ni rahisi, inaonekana kwa jicho, na ikichafuka husafishwa kwa kidole.

Loki ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi, nayo ni sheria. Msomaji aliyeko Uingereza ajue kwamba Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mahakama za huko zimeamua kwamba kisu chenye loki hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya kifungu hicho, hata kiwe kidogo namna gani. Anayekutwa nacho lazima athibitishe sababu ya kuwa nacho. Ujerumani tangu 2008 imezuia kubeba bila sababu ya msingi visu vyenye loki vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja, na mwaka 2024 iliongeza makatazo kwenye sherehe za umma na usafiri wa umma wa masafa marefu. Mswahili anayesafiri kwenda kwa ndugu London au Hamburg akiwa na kisu cheusi cha loki alichonunua Kariakoo anaweza kujikuta matatani kwa kitu alichokitumia kumenyea machungwa.

Nyumbani kwetu sheria hupima zaidi nia na mazingira. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, humhusu mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia uhalifu. Kisu kidogo chenye mpini mwekundu na kizibuo pembeni, kilichokutwa mchana kwenye mkoba pamoja na daftari na chungwa, kinajieleza chenyewe. Kisu kirefu chenye ncha ya jambia, kilichofichwa kiunoni saa 5 usiku nje ya baa, nacho kinajieleza. Hata cha kwanza kiache nyumbani unapokwenda mahakamani, kwenye mkutano wa siasa au uwanja wa mpira, na usibishane na mlinzi anayekagua mifuko mlangoni mwa jengo la Nairobi. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, hata kama ubapa ni wa sentimita 4. Sheria za nchi moja zinaweza kukiruhusu na za nchi unayobadilishia ndege zikakitwaa.

Na wale wanaobeba kisu kwa kujilinda? Niseme wazi kwamba ushauri wangu kwao ni wasikibebe. Kisu cha kukunja hakikunjuliwi haraka na mtu aliyeshikwa na hofu, hakimzuii mwizi asikaribie, na ugomvi ambao ungeishia kwa simu kuibwa unageuka damu. Kijana anayeona kisu kinampa ujasiri wa kupita njia mbaya amepewa sababu ya kuipita. Mzazi mwenye wasiwasi na jambo hili yuko sahihi, na jibu bora ninaloweza kumpa ni udogo wenyewe wa kisu ninachokipendekeza: ubapa wa sentimita 6 usio na loki ni zana mbovu sana ya kupigania.

Upande mwingine wako wanaouliza kwa nini mtu anunue kisu wakati wembe unauzwa kwa bei ya peremende. Wembe ni mkali kweli, lakini una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita na hauna mpini. Ukikata nao kamba ngumu hupinda na kuvunjika, na kipande kinachoruka hakijulikani kitaangukia wapi. Ukishatumika, unatupwa jaani au kuchomekwa kwenye mwanya wa ukuta, ambako mtoto ataupata, au mfanyakazi wa taka, ambaye mikono yake haina kinga. Wembe uliokwisha kumkata mtu mmoja na kumkata mwingine unaweza kupitisha maradhi ya damu. Kisu kinachokunjwa hufunika makali yake chenyewe kila baada ya kazi.

Kwa wakazi wa mwambao kuna jambo la ziada. Hewa ya chumvi ya Tanga, Lamu au Unguja hula chuma cha kaboni kisicho na kromiamu kwa usiku mmoja, hasa kikiwa na maji ya ndimu au embe. Wapenzi wa visu hukisifu chuma hicho kwa urahisi wa kunoleka, na sifa hiyo ni ya haki, lakini pwani nashauri kile kisichoshika kutu. Opinel hutengenezwa kwa aina zote mbili, basi tazama maandishi kwenye ubapa. Mpini wake wa mbao nao hunyonya unyevu na kuvimba wakati wa masika, na ubapa hukataa kufunguka. Plastiki au alumini haina tatizo hilo. Mchanga ukiingia kwenye pini, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni huku ukikunja na kukunjua, kausha kabisa, kisha dondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa kuwa baada ya wiki chache huganda na kunasa vumbi.

Dukani, usikubali kununua kisu kilichofungwa ndani ya plastiki bila kukishika, kwa maana visu vya kuigiza chapa maarufu ni vingi na vingine vinafanana sana na vya asili. Kikunjue polepole. Springi inapaswa kukivuta kisu mwishoni kwa mlio mkavu, si kukiacha kikilegea. Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, tikisa kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana unavumilika, lakini ukiona pengo linafunguka kati ya ubapa na mpini, kirudishe. Kikunje na uchungulie kutoka juu: ubapa ukae katikati, usikwaruze ubavu wa mpini. Kiinue kuelekea dirishani uone kama mwanga unapenya kati ya springi na mpini. Ukucha wako uweze kuingia kwenye mfereji wa kufungulia bila kuumia, kwa sababu kisu kigumu kufungua kitakuacha ukitumia meno, na meno hayanoleki. Mwisho, omba karatasi ya risiti ujaribu. Kikichana badala ya kukata, usikikatae kwa hilo tu. Visu vingi hutoka kiwandani vikiwa na makali ya wastani, na kinoo ulichonacho nyumbani kitayarekebisha jioni hiyohiyo.